Nani Aidhinishe Duka la Mtaani? Sheria za Mji na Sauti ya Jirani, Njombe na Makambako

Kila mji una maswali mawili yasiyokwisha. La kwanza ni hili: nani aweza kukaa hapa? La pili ni hili: mtu aliyekwisha kukaa hapa aweza kufanya nini? Swali la kwanza limeandikwa sana katika historia ya nchi yetu, kwa sababu ni swali la ardhi, na ardhi haikosi watetezi. Swali la pili limeandikwa kidogo. Laonekana dogo kwa kuwa lahusu mambo madogo: duka la kando ya njia, mashine ya kusaga, gereji, gesti, kilabu cha pombe, karakana ya kupasua mbao. Lakini binadamu hakai juu ya ardhi tu, hukaa kati ya jirani. Mtu aliyenunua kiwanja akajenga nyumba, kisha usiku kucha asipate usingizi kwa sababu ya muziki wa baa iliyofunguliwa ukutani kwake, ajua kwamba haki ya kukaa ni nusu ya haki. Nusu nyingine ni kuwa na neno katika yale yatendekayo jirani naye.

Insha hii yafuata swali hilo la pili katika miji miwili ya Nyanda za Juu Kusini. Njombe ni boma lililogeuka mji. Makambako ni njiapanda iliyogeuka mji. Mwendo wa kilomita 60 hivi watenga miji hiyo miwili, na baridi ni moja, na wenyeji wengi ni Wabena kwa asili. Hata hivyo miji hiyo imezaliwa kwa sababu mbalimbali, na kwa hiyo yafaa kuitazama pamoja. Tutaona kwamba idhini ya biashara ya mtaani imehama kutoka mkono mmoja hadi mwingine mara nyingi katika muda wa miaka 100, lakini ni mara chache sana imepita mkononi mwa jirani. Tutaona tena jambo la ajabu zaidi: ya kuwa sheria zetu zampa mwanakijiji sauti kubwa kuliko mtu wa mjini.

Tuanze na boma. Waingereza walipoishika Tanganyika waliukuta mji kuwa ni kitu cha kutengwa na nchi iliyouzunguka. Sheria ya Miji ya mwaka 1920 iliwapa uwezo wa kutangaza mipaka ya mji na kuweka kanuni ndani yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya usimamizi wa Gavana. Ndani ya mipaka hiyo watu waligawanywa kwa rangi, ingawa karatasi za serikali zilitaja ukubwa wa viwanja na aina ya majengo. Watu wenyewe hawakudanganyika. Sehemu hizo waliziita kwa majina yaliyosema kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Yafaa tukumbuke kwamba majina hayo hayakutungwa na mpima ardhi. Yalitungwa na raia, nayo ndiyo maoni ya kwanza ya umma juu ya mipango ya miji katika nchi yetu, yaliyotolewa bila kuombwa na mtu.

Biashara nayo iliwekewa mahali pake. Maduka ya wageni yalikusanywa katika miji, miji midogo, na vituo vya biashara vilivyotangazwa, yakapangwa safu moja kando ya njia. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito wake: duka lililo karibu na boma ni rahisi kukaguliwa, mizani yake ni rahisi kupimwa, na kodi yake ni rahisi kukusanywa. Lakini matokeo yalikuwa kwamba uchaguzi wa mahali pa duka haukuwa wa muuzaji wala wa mnunuzi. Mwafrika aliyetaka kufungua duka alikutana na kizuizi kingine. Sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilimtia mashaka kila mfanyabiashara aliyetaka kumkopesha bidhaa, kwani deni lisilokuwa na kibali cha serikali halikuweza kudaiwa mahakamani. Sheria ilisema yamlinda, na pengine walioitunga waliamini hivyo. Lakini mtu alindwaye asikopeshwe hulindwa pia asitajirike.

Hata hivyo mambo hayakukaa pale pale. Wabena wengi walikuwa wakienda mbali kufanya kazi katika mashamba ya katani, wakarudi na fedha kidogo na maarifa ya mengi. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni lilianzisha kampuni ya miwati huko Njombe, na mshahara ukaanza kupatikana karibu na nyumbani. Palipo na mshahara hapakosi duka. Mtu alipwaye fedha mwisho wa mwezi ataka sukari, chumvi, mafuta ya taa na blanketi, wala hapendi kutembea nusu siku kuvitafuta. Basi haja ya biashara ya mtaani ilizaliwa kabla ya sheria kuipa nafasi, na tangu wakati huo sheria imekuwa ikiikimbilia kwa nyuma.

Mwaka 1956 ilitungwa Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji. Mama yake alikuwa Uingereza, na sura ya mama ilionekana wazi usoni mwa mtoto. Kwa sheria hiyo mtaalamu alichora ramani, akaonyesha hapa pa kukaa, hapa pa maduka, hapa pa viwanda. Kisha ramani ikawekwa ofisini ili anayependa aje aitazame na kuandika pingamizi lake. Kwa mtu wa London aliyejua kusoma ramani na kuandika barua, mlango huo ulikuwa mpana. Kwa mwuza ndizi wa Njombe aliyejua Kibena na Kiswahili, mlango ulikuwa tundu la sindano. Alialikwa kutazama, hakualikwa kufikiri. Aliitwa mwishoni, baada ya wino kukauka.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 mengi yalibadilishwa, na mengine yaliachwa. Sheria ya mwaka 1956 ilikuwa miongoni mwa yaliyoachwa, ikaendelea kutawala ramani zetu kwa miaka 51, hadi ilipofutwa na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Watawala walibadilika, lakini meza ya kuchorea ilikuwa ile ile. Tena mwaka 1972 yalitokea mambo mawili kwa pamoja ambayo historia ya biashara ndogo haina budi kuyatazama kwa pamoja. Kwanza ilitungwa Sheria ya Leseni za Biashara, Namba 25 ya mwaka huo, iliyomtaka kila mfanyabiashara apate leseni. Pili, kwa siasa ya madaraka mikoani, mabaraza ya miji na ya wilaya yalivunjwa na kazi zake zikatiwa mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuipeleka serikali karibu na wananchi. Serikali ilisogea karibu, lakini diwani aliondoka. Basi mtu aliyekuwa na malalamiko juu ya duka, au mwenye duka aliyekuwa na malalamiko juu ya ofisa, hakuwa na mjumbe wa kuchaguliwa wa kumsemea katika baraza. Mabaraza ya miji yalirudishwa kuanzia mwaka 1978, na ya wilaya mwaka 1984, kwa sheria zilizopitishwa mwaka 1982.

Katikati ya muda huo ilikuja Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa yafungwe, na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Sipendi kuihukumu siasa ya ujamaa kwa neno moja, kwani ilikuwa na makusudi makubwa kuliko duka. Lakini katika habari hii funzo lake ni wazi. Duka lilifungwa kwa jina la umma, na umma haukuulizwa. Siku zile bidhaa zilipoadimika, umma uliofungiwa duka ndio uliopanga foleni.

Sasa tutazame njiapanda. Wakati serikali ilipokuwa ikipunguza maduka kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili ilikuwa ikijenga mahali ambapo maduka hayangeweza kuzuilika. Barabara kuu ya lami iendayo Zambia ilipita Makambako. Reli ya Tanzania na Zambia, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kumalizika mwaka 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliweka hapo kituo chake. Katika miaka ya 1980 ikaongezwa barabara ya lami kutoka Makambako kwenda Songea kupitia Njombe, kwa msaada wa Uingereza. Njia tatu zilikutana, na zikutanapo njia hukutana njaa, usingizi na vyombo vilivyoharibika. Dereva wa lori ataka chakula saa nane ya usiku. Utingo ataka mahali pa kulala. Gari lataka fundi. Hapana aliyeketi akapanga kwamba Makambako iwe mji wa mama lishe, gesti na gereji. Mji huo ulijipanga wenyewe kwa kufuata taa za magari.

Hapa ndipo Njombe na Makambako zinapoachana. Njombe ilikuwa na ramani kabla ya kuwa na biashara nyingi. Makambako ilikuwa na biashara nyingi kabla ya kuwa na ramani inayotosha. Katika Njombe mwenye kibanda huambiwa kwamba ameingia mahali pa makazi. Katika Makambako mwenye nyumba aweza kujibiwa kwamba yeye ndiye aliyejenga mahali pa biashara. Ugomvi ni mmoja, lakini washitaki wamebadilishana nafasi.

Tangu soko lilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, biashara za mitaani zimeongezeka katika miji yote miwili. Njombe ilipata Halmashauri ya Mji mwaka 2007. Mwaka 2012 Mkoa wa Njombe ulitengwa na Mkoa wa Iringa, na Makambako ikapata halmashauri yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka huo, Halmashauri ya Mji wa Njombe ilikuwa na watu 130,223, na ya Makambako watu 93,827. Mbao, viazi, chai, na katika miaka ya karibuni maparachichi, vimeleta fedha mpya. Na fedha mpya hutafuta pembe ya mtaa pa kufungulia mlango.

Sheria zinazotawala mlango huo leo ni nyingi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilitungwa mwaka 1999. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 yataka wenye ardhi na wengine wanaohusika waitwe mkutanoni mpango unapoandaliwa, jambo ambalo sheria ya mwaka 1956 haikulijua. Mtu atakaye kugeuza kiwanja cha makazi kuwa cha biashara yampasa aombe, na maombi yake yatangazwe ili mwenye pingamizi alitoe. Kisha yapite katika vikao vya halmashauri. Juu ya hayo yote imesimama Katiba ya mwaka 1977, ambayo katika ibara ya 21 yampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Kwa maandishi, basi, jirani amepewa kiti.

Lakini tuangalie kiti hicho kimewekwa wapi. Eneo la Halmashauri ya Mji wa Njombe, kama lile la Makambako, lina mitaa na lina vijiji. Watu wa halmashauri moja, wenye diwani katika baraza moja, waishi chini ya taratibu mbili. Kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wote, unaopasa kukutana kila miezi mitatu. Kina halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, ambayo kwa sheria ni nafsi yenye uwezo wa kushitaki na kushitakiwa. Halmashauri hiyo haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla mkutano mkuu haujakubali. Akija mgeni atake mahali pa kuweka karakana ya mbao katika ardhi ya kijiji, wanakijiji wana haki ya kumwuliza: magogo utayapitisha wapi, vumbi la mbao utalitupa wapi, na mashine itanyamaza saa ngapi?

Mtaa hauna uwezo huo. Una mwenyekiti wa kuchaguliwa, una kamati, una mkutano. Lakini haugawi ardhi, na si nafsi ya kisheria kama kijiji. Kazi yake ni kushauri, kutambulisha na kupeleka habari. Uamuzi u katika ofisi za halmashauri na vikao vyake. Kwa hiyo kijiji kinapomezwa na mji na kugeuzwa mtaa, wakazi wake hupata taa, maji ya bomba na namba za viwanja, lakini hupoteza neno lao la mwisho juu ya ardhi. Hatujazoea kuutazama ukuaji wa miji kwa jicho hili. Twasema kijiji kimepandishwa daraja. Hatusemi kwamba sauti ya wakazi wake imeshushwa.

Kuna ufa mwingine, nao ni mwembamba lakini maji mengi hupita hapo. Mfanyabiashara huhitaji vitu viwili: leseni ya kufanya biashara, na matumizi ya kiwanja yanayokubaliana na biashara hiyo. Leseni ipo katika meza ya ofisa biashara. Matumizi ya kiwanja yapo katika meza ya ofisa mipangomiji. Meza hizo zisipozungumza, mtu aweza kuwa na leseni halali mahali pasipo halali. Mwenye leseni huamini amemaliza; jirani huamini ameonewa; na wote wawili wana karatasi za kuonyesha. Tuchukue mfano wa kudhani. Fundi mmoja amefungua karakana ya kuchomelea vyuma, akalipa ada yake kila mwaka. Mwaka wa nne jirani alalamika, na fundi aambiwa aondoke. Jirani hakukosa kulalamika, wala fundi hakukosa kuamini karatasi aliyopewa. Aliyekosa ni utaratibu, uliochukua ada kwanza na kuuliza baadaye.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha, naomba nitazame pia neno tunalolitumia katika habari hii. Siku hizi husemwa na kuandikwa ushirikishwaji wa wananchi. Tulipasue neno hilo. Shina lake ni shiriki. Likatiwa kiambishi cha kusababisha likawa shirikisha. Likatiwa cha kutendwa likawa shirikishwa. Basi katika ushirikishwaji yupo mtendaji anayemshirikisha mwingine, na mwananchi ndiye anayetendewa. Akishirikishwa leo, kesho aweza asishirikishwe, na wa kulaumiwa ni yule mwenye kushirikisha. Katika ibara niliyoitaja Katiba yatumia neno kushiriki, na katika neno hilo mwananchi ni mtenda. Tofauti hii si ya wanasarufi tu. Mkutano ulioitishwa ili watu waarifiwe jambo lililokwisha kuamuliwa ni wa ushirikishwaji. Mkutano ambao waweza kulikataa jambo au kulitia masharti ni wa ushiriki. Tena tukumbuke kwamba sheria hizi zote ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu Bunge lilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Kwa miaka mingi jirani alialikwa kutoa pingamizi juu ya kanuni asizoweza kuzisoma.

Msomaji aweza kuuliza: je, umma una hekima daima? Hauna. Jirani apingaye duka pengine ni mwenye duka la pili, aogopaye ushindani. Watu wa mtaa wenye nyumba nzuri waweza kuungana kumfukuza mama lishe kwa sababu moshi wake wawakumbusha umaskini walioukimbia. Hoja hii ni nzito, na historia yetu yaitia nguvu, kwani kanuni za usafi na utaratibu zimetumika tangu ukoloni kumwondoa mnyonge machoni pa mwenye nguvu. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliweza kumhesabu mchuuzi kuwa mzururaji. Baadaye mwendo uligeuka: mwishoni mwa mwaka 2018 vilitolewa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na wamachinga wakaenea kando ya njia. Mwaka 2021 ikaamriwa wapangwe upya katika maeneo maalumu, na Rais akaagiza jambo hilo lifanywe bila ya nguvu na vurugu. Katika miaka michache mchuuzi aliruhusiwa na kuhamishwa, na mara zote mbili neno lilitoka juu.

Lakini dawa ya jirani mwenye husuda si kumnyamazisha jirani. Dawa ni kumtaka aseme hadharani na atoe sababu. Husuda hupenda barua isiyo na jina na mazungumzo ya ofisini, haipendi mkutano. Mtu atasimama mbele ya watu aseme mashine yamnyima usingizi, na watu watamwelewa. Hatasimama aseme, Nakataa duka hili kwa sababu litauza sukari rahisi kuliko langu. Na mchuuzi naye, akiitwa mkutanoni, huacha kuwa uchafu wa kuondolewa; huwa jirani mwenye jina, watoto na hoja. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wazee. Hawakusema kwamba wengi hawakosei. Walisema kwamba neno likisemwa mbele ya wengi ni vigumu kuliharibu kwa siri.

Basi yanayotakiwa si makubwa. Tangazo la kubadili matumizi libandikwe kwenye kiwanja chenyewe na ofisini kwa mtaa, kwa Kiswahili chepesi, likitaja saa za kazi, kelele, moshi na njia ya magari. Leseni isitolewe kabla ofisa mipangomiji hajaandika neno lake. Mkutano wa mtaa upewe katika jambo hili uwezo unaokaribia ule wa mkutano wa kijiji, wa kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa kwa sababu zilizoandikwa. Na anayekataliwa awe na mahali pa kukata rufani. Kwa masharti watu wengi wangepatana. Mashine ya kusaga inyamaze jioni. Kilabu kiwe mbali na shule. Gereji isimwage mafuta mtaroni. Tena haya si mambo ya kigeni. Ndiyo maswali yale yale ambayo mkutano wa kijiji wamwuliza mwenye karakana.

Vijiji vilivyomo ndani ya mipaka ya Njombe na Makambako bado ni vingi, na kadiri miji ikuavyo vitageuzwa mitaa kimoja baada ya kimoja. Kila mara jambo hilo litakapotendeka, madiwani watakuwa na uchaguzi wa kufanya: ama waiache sauti ya mkutano mkuu ipotee pamoja na jina la kijiji, ama waipe nafasi katika kanuni za mji kabla jina halijafutwa. Ni rahisi kuihifadhi sauti ambayo watu wameizoea kuliko kuwafundisha upya watu waliokwisha kuzoea kunyamaza.